KATUNI, MITI NA KAZI



Watoto wetu wapenda sana hadithi za picha. Mwaka 2010 kitabu cha katuni kiitwacho Shujaaz kilianza kutolewa bure hapa Kenya. Jambo jema. Lakini karatasi ni miti. Sisi wa reli twajua: injini za zamani zilikula kuni, miti mingi ikakatwa.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilichafua mto Nzoia. Mwaka 2009 kikafungwa, wenzetu wakakosa kazi. Hasara mara mbili!

Yafaa wachapaji watumie karatasi iliyofanywa kwa karatasi kuukuu, nasi tupokezane kitabu kimoja watu kumi. Lakini uchapaji ukipungua, matajiri wakae kwanza na chama cha wapiga chapa. Mti usikatwe ovyo, wala mfanya kazi.