Kabla hujalipia picha ya 3D ya meno ya mtoto, uliza itabadilisha nini

Ukiingia kliniki kadhaa za meno mjini siku hizi, picha ya 3D inatangazwa pale pale mapokezi, kando ya bei ya kusafisha meno. Mashine yenyewe, CBCT, ni moto kweli. Inazunguka kichwa kwa sekunde chache, kompyuta inaunganisha picha, na daktari anaona taya la mtoto kutoka kila upande, mizizi na yote. Mimi sina kesi na mashine. Kesi yangu ni pale inapofanywa sehemu ya pakeji, kwamba kila mtoto apigwe hata kama ameletwa kuangaliwa tu.

Na wewe ndiye utakayeulizwa pale kaunta. Wengi wa rika letu ama tayari ni wazazi, ama ndio tunaotumwa na sista kumpeleka mtoto kliniki.

Picha ndogo ya kawaida ya jino moja au mawili hubeba mionzi kidogo sana, chini ya maikrosiveti 10. CBCT hubeba kutoka makumi hadi mamia, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa. Usipanic: kwa wastani binadamu hupokea takriban 2,400 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani. Picha moja yenye sababu haitamdhuru mtoto kiasi cha wewe kukosa usingizi. Lakini seli za mtoto bado zinagawanyika kwa kasi, ana miaka mingi mbele ya madhara kujitokeza, na tezi ya shingoni iko karibu kabisa na taya. Huo mzigo, hata uwe mdogo vipi, kwa nini aubebe bure?

Kuna wakati haubebwi bure. Chukua chonge ya juu, ambayo kwa kawaida hutoka mtoto akiwa na miaka kama 11 au 12. Wakati mwingine hukwama ndani ya mfupa, ikalala kimshazari na kuanza kula mzizi wa jino la mbele. Picha bapa inaonyesha meno mawili yamepishana, ila haikwambii vizuri lipi liko mbele, lipi nyuma, na mzizi umeliwa kiasi gani. Hapo 3D inaamua daktari apasue upande gani, au jino lipi liokolewe. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, au aliyeumia taya vibaya. Ukikataa hapo kwa kuogopa mionzi, unamkosea mtoto.

Lakini jino lililotoboka? Hilo huonekana kwa macho na picha ndogo. Waya za kunyoosha meno nazo, peke yake, si sababu tosha. Marekani, kampeni ya Image Gently ya kupunguza mionzi kwa watoto iliwafikia madaktari wa meno mwaka 2014, na ujumbe ulikuwa wazi: CBCT itumike tu pale inapohitajika.

Kwa hivyo muulize daktari, kwa heshima: "Dakta, hii picha itabadilisha nini kwa matibabu ya huyu mtoto?" Daktari mzuri atakujibu kwa sentensi mbili. Ukiambiwa "ni utaratibu wetu hapa", shika doo yako kwanza. Kibali cha KNRA ukutani kinahusu mashine na usalama wake; hakisemi kwamba mtoto wako anaihitaji.

Akikupa sababu, uliza kama watapiga eneo dogo lenye shida pekee au kichwa kizima, na kama mashine imewekwa kipimo cha mtoto. Hayo yana uzito kuliko ile aproni nzito tuliyozoea. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, kilisema mwaka 2024 kwamba aproni na kola ya shingo hazihitajiki tena, mradi mwale umebanwa sawasawa. Kwa hivyo kliniki isiyomvisha mtoto aproni huenda haijazembea hata kidogo.

Na usitoke bila nakala. Beba flash, waambie wakuwekee faili nzima, si picha moja iliyochapishwa kwa karatasi. Kliniki ya pili ikitaka kumpiga tena wiki ijayo, wape hiyo kwanza.