Acha kutibu jipu kwa rangi mbili za hamsini

Hebu tuambiane ukweli. Ukiota jipu kwapani, au ukichubuka goti kwenye mechi ya jioni, hospitali siyo mahali pa kwanza unapokimbilia. Unapita duka la dawa, uwe uko Likoni, Kisauni au Changamwe, na unasema: "Dakta, nipatie rangi mbili za hamsini." Unafungiwa kapsuli chache kwenye kikaratasi. Mbili unameza. Moja unaifungua na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Kesho yake maumivu yamepungua kidogo, basi zilizobaki unaziweka, au unampa ndugu yako mwenye mafua.

Mchezo huu umekuwa wa kawaida mpaka hakuna anayeuona kuwa ni mchezo. Lakini bei yake si hiyo hamsini, na mara nyingi anayeilipa siyo wewe.

Bakteria anayesababisha majipu mengi anaitwa stafilokoki, au stafu kwa kifupi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu anatembea naye puani bila kujua, na kwa kawaida hana neno naye. Shida huanza anapopata mlango wa kuingia: mchubuko, mkato wa wembe, mshono wa mama aliyejifungua kwa upasuaji, mrija wa dripu, kitovu cha mtoto mchanga. Akifika kwenye damu anaweza kushambulia mapafu, mifupa na hata vali za moyo. Hapo mambo ni kufa na kupona.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuambiwa dukani. Stafu ndiye bakteria ambaye Alexander Fleming alikuwa akimwotesha London mwaka 1928, alipoona ukungu ukimmaliza na hivyo kugundua penisilini. Mwaka 1945, akitoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Fleming mwenyewe alionya kwamba mtu akinywa dawa kidogo isiyotosha, atawafunza bakteria kuistahimili. Maneno yake yalitimia. Leo stafu wengi hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini na jamaa zake, ikiwemo amoksilini, ambayo mara nyingi ndiyo hiyo rangi mbili yako. Kwa hivyo huenda jipu lako lilipasuka lenyewe, sifa akapewa kapsuli.

Kisha wakaja sugu zaidi. Dawa iitwayo methisilini ilitengenezwa mahsusi kuwakabili stafu waliokuwa wameishinda penisilini. Kufikia 1961, Uingereza ilikuwa tayari imeripoti stafu waliokuwa wameishinda nayo pia. Hao ndio wanaojulikana duniani kama MRSA. Mwaka 2019, kulingana na utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani. Zaidi ya 100,000 kati ya hivyo vilitokana na MRSA.

Usidhani ni ugonjwa wa wazee waliolazwa wodini. Mwaka 2003, nchini Marekani, wachezaji watano kati ya 58 wa timu ya St. Louis Rams walipata maambukizi ya MRSA, yote yakianzia kwenye michubuko ya uwanjani. Hawa ni vijana wenye nguvu, na wana madaktari wao. Miongoni mwa mambo yaliyogunduliwa ni kwamba walikuwa wakitumia taulo pamoja. Sasa fikiria taulo moja inavyopita mabegani mwa vijana kumi kwenye jimu, au kwa kinyozi siku ya Ijumaa watu wamejaa.

Tunajua kwa nini unanunua za hamsini: ndizo ulizo na uwezo nazo. Kupanda boda hadi hospitali, kupiga foleni tangu asubuhi na kupoteza kibarua cha siku ni gharama. Ndiyo maana hatutaki lawama zote zimwangukie kijana. Kisheria, dawa hizi huuzwa kwa maagizo ya daktari tu. Anayezipima kama njugu anavunja sheria, na Bodi ya Dawa na Sumu haina budi kumfuata hadi mtaani.

Serikali ya kaunti nayo ina deni. Stafu husafiri zaidi kwa mikono, na mikono ya wahudumu wa afya ni mojawapo. Sabuni, maji yanayotiririka na dawa ya kupaka mikononi visikosekane hata siku moja katika hospitali ya Likoni, ya Port Reitz kule Changamwe na vituo vya Kisauni. Hivi ni vitu rahisi kuliko dawa yoyote ya kupambana na MRSA.

La pili ni vipimo. Daktari hawezi kumtambua stafu sugu kwa macho. Ni lazima usaha au damu ioteshwe maabara, kisha dawa zijaribiwe moja baada ya nyingine. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 2013 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya stafu wa vidonda vya ngozi waliopimwa walikuwa MRSA. Mwingine wa 2014, katika hospitali mbili za kibinafsi mjini humo humo, ulikuta chini ya asilimia 4. Mji mmoja, majibu kama mbingu na ardhi. Anayetibu bila kupima anabahatisha.

Wala usiambiwe kupima ni mambo ya Ulaya. Hapo Kilifi, kuanzia Agosti 1998, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust waliotesha damu ya watoto waliokuwa wakilazwa. Miaka minne ya kazi hiyo ilionyesha kuwa asilimia 26 ya watoto waliofariki hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu. Kama iliwezekana Kilifi karne iliyopita, mkazi wa Likoni anastahili kipimo hicho leo, kwa bei anayoimudu, bila kuvuka feri kukitafuta.

Wewe nawe una sehemu yako. Jipu usilikamue. Mara nyingi tiba yake ni kupasuliwa na mhudumu wa afya na kusafishwa, na jipu dogo huenda lisihitaji kapsuli hata moja. Mchubuko uoshe kwa maji safi na sabuni, kisha uufunike. Taulo na wembe viwe vyako peke yako. Ukiandikiwa dawa, inywe vile ulivyoagizwa, usimgawie mtu. Na ukiona homa, wekundu unaosambaa au maumivu yanayozidi, usilale nayo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Siku moja dadako atatoka chumba cha upasuaji akiwa na mshono mbichi na mtoto kifuani. Dawa itakayomlinda ni hii hii tunayoichezea leo. Ikiwa imekwisha makali, hamsini yako haitamnunulia nyingine.