Gundam si Tangazo la Midoli

Miongoni mwa kauli zinazoudhi zaidi katika mijadala ya sanaa ya kisasa ni ile inayotolewa na watu wazima, tena mara nyingi wasomi, kwamba anime za meka, yaani filamu za katuni za Kijapani ambamo mhusika huendesha roboti kubwa la kivita akiwa ndani yake, ni matangazo marefu ya midoli yaliyotungwa ili watoto wawasumbue wazazi madukani. Wanaoitoa huwa hawajatazama hata dakika kumi za kazi wanayoihukumu. Ushahidi wa kuwaumbua umo katika sehemu moja tu, ile ya kwanza ya Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na kurushwa na televisheni ya Nagoya tarehe 7 Aprili 1979.

Sehemu hiyo huanza kwa sauti ya msimulizi anayeeleza kwamba binadamu wamekwisha kuhamia katika makoloni ya angani, ambayo ni mapipa makubwa mno yanayozunguka ili wakazi waliomo wapate uzito kama walio duniani, wazo ambalo mwanafizikia Gerard O'Neill wa Chuo Kikuu cha Princeton alikuwa amelieneza katika muongo huohuo. Kundi la makoloni lililo mbali zaidi na Dunia limejitangazia utawala wake, Zeon, na kuingia vitani dhidi ya Shirikisho la Dunia, na katika muda wa mwezi mmoja na ushei pande hizo mbili zimekwisha kuua nusu ya binadamu wote. Ni muuza midoli gani anayefungua duka lake kwa msiba wa nusu ya binadamu?

Baada ya hapo askari watatu wa Zeon wanajipenyeza katika koloni lenye raia wakiwa ndani ya maroboti aina ya Zaku, yenye jicho moja, na mmoja wao, kwa tamaa ya sifa, anakiuka amri ya kupeleleza tu na kuanza kufyatua risasi. Mlipuko mmoja unawaua raia waliokuwa wakikimbilia bandarini, akiwamo mama yake Fraw Bow, msichana jirani wa mhusika mkuu, Amuro Ray, na binti huyo anabaki akilia kando ya maiti mpaka Amuro anapomhimiza akimbie. Amuro mwenyewe ana miaka 15. Anaingia katika chumba cha rubani cha roboti liitwalo Gundam akiwa na kitabu cha maelekezo alichokiokota, na anapigana huku akikipekua, bila ujasiri wowote wa kishujaa.

Anapolikata Zaku la kwanza kwa upanga wa mwale, mtambo wa nyuklia uliomo ndani yake unalipuka, ukuta wa koloni unatoboka, na hewa inayofyonzwa nje inamchukua baba yake Amuro, Tem Ray, mhandisi wa Gundam lenyewe, na kumtupa katika anga za juu. Silaha ya baba mikononi mwa mwana ndiyo inayomponza baba, na mwana hajui. Anapokabili Zaku la pili, Amuro amekwisha kutambua kwamba mlipuko mwingine utaliangamiza koloni, kwa hiyo analazimika kulenga pale alipoketi rubani, maana yake amuue mtu ili mtambo usilipuke. Hakuna filamu nyingi za vita zenye waigizaji wa kweli, zile zinazosifiwa na wakosoaji haohao, zinazothubutu kumpa kijana uamuzi wa namna hiyo katika dakika 25 za kwanza. Muuza midoli gani angeukubali?

Wapo wanaojibu kwamba rangi za Gundam, yaani nyeupe, bluu, nyekundu na njano, zinatosha kuthibitisha kuwa ni kitu cha watoto. Hoja hiyo ni ya aibu, kwa kuwa bendera za mataifa zimejaa rangi hizohizo na watu wazima wanazifia. Ni kweli kwamba mdhamini wa mfululizo huo alikuwa Clover, kampuni ya midoli, lakini mfululizo uliokusudiwa kuwa na sehemu 52 ulikatizwa ukiwa na 43, na vifaa vya kuunganisha vya Bandai vilianza kuuzwa mwaka 1980, baada ya onyesho la kwanza kumalizika. Hadithi ndiyo iliyouza midoli.

Watawala wa mabavu hawakuidharau sanaa hii kama wanavyoidharau wasomi. Mwaka huohuo wa 1979 serikali ya Ferdinand Marcos nchini Ufilipino ilipiga marufuku Voltes V, anime nyingine ya meka inayosimulia uasi dhidi ya dola katili, kabla sehemu zake za mwisho hazijarushwa, kwa kisingizio cha kuwakinga watoto na ukatili.

Wahariri wa kurasa za utamaduni wanaoletewa makala yenye kuiita kazi hii tangazo wamuulize kwanza mwandishi kama ameitazama sehemu ya kwanza mpaka Zaku la pili linapoanguka, na kama hajaitazama, wamrudishie makala yake.