Nyumba Nzuri ya Kwenye Kadi

Jamaa yangu mmoja aliyewahi kusoma Ireland aliniletea kadi ya posta. Kijumba cheupe kijijini, paa la majani, mlango mwekundu, moshi unafuka. Nikaibandika juu ya meza yangu chumba cha habari. Kila apitaye anasema: "Duh, pazuri! Hapa ndipo pa kupumzikia."

Nami kwa udadisi wa kazi nikaanza kuchimba. Jamani, kumbe karibu kila kitu mle ndani kilizaliwa na uhaba. Mbao zilikuwa adimu, hivyo watu walifukua magogo ya kale yaliyozama kwenye vinamasi wakapata boriti. Kinamasi hichohicho kiliwapa udongo wa kukata kama matofali, kuukausha na kuuchoma badala ya kuni. Vigoda vilikuwa na miguu mitatu, visiyumbe kwenye sakafu isiyo sawa, tena vifupi, mtu akae chini ya moshi. Benchi la mchana lilifunguliwa usiku likawa kitanda. Mlango ulikatwa nusu: ya chini izuie kuku, ya juu ilete mwanga.

Werevu mtupu, nawavulia kofia. Ila kuna jambo kadi haisemi: hiyo ilikuwa nyumba ya mwenye nafuu.

Sensa ya mwaka 1841 iligawa nyumba za Ireland katika madaraja manne. La mwisho, kibanda cha udongo chenye chumba kimoja, lilikuwa zaidi ya theluthi ya nyumba zote. Hao kabati la vyombo wangelitoa wapi? Kisha viazi vikaoza shambani. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakapanda meli. Wengi walioshindwa kulipa kodi walifukuzwa, na paa likabomolewa ili wasirudi. Sensa ya 1851 ilikuta vibanda hivyo vimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Sipingi nyumba nyeupe kuhifadhiwa. Zitunzwe, zinastahili. Ninachopinga ni kuichukua iliyobahatika kubaki na kuiita nyumba ya kila mwanakijiji wa zamani. Fukara wa mwisho hakuacha benchi wala kigoda cha kupigwa picha.

Kadi bado ipo ukutani. Pembeni nimeandika kwa kalamu: 1841. Anayesema "pazuri" sasa huuliza huo mwaka ni wa nini. Hapo ndipo maongezi yanapoanza.