Mshale wa mafuta si shahidi

Leo sina stori za boom wala za UE. Nina neno moja kwa wenye magari, hasa kule kwetu Tunduma: usimwite mtu mwizi wa mafuta kwa sababu tu ya mshale wa geji. Pima kwanza.

Sisemi wizi wa wese haupo. Upo, tena sana. Tunduma ni mpaka, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, foleni ikikaba madereva wanalala barabarani, na madumu ya mafuta ya kunyonya si hadithi. Ndiyo maana bosi akiona mshale umeshuka jibu analo tayari: suka kapiga. Hafikirii kabisa kwamba mshale nao unaweza kudanganya.

Kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anaendesha pikapu ya zamani ya Toyota. Anabeba mahindi na kahawa kutoka vijiji vya Mbozi kuleta Vwawa na Tunduma. Bosi wake alikuwa anampa hela ya lita 30, halafu akichungulia dashibodi anakuta mshale hata robo haujafika. Risiti zikiletwa, anasema risiti zinatengenezwa. Akakata elfu hamsini kwenye mshahara. Mwezi wa pili akakata tena, na wa tatu. Kaka akiapa anaambiwa, "Dogo, geji haina undugu na mtu."

Kweli haina undugu. Lakini ina waya, na waya una mambo yake.

Iko hivi. Ndani ya tanki kuna boya linaloelea juu ya mafuta. Boya limeshikwa na mkono, na mkono unateleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Mafuta yakipungua boya linashuka na ukinzani unabadilika. Umeme unatoka kwenye geji, unapita kwenye waya hadi kwenye tanki, unapita kwenye kile kipande, halafu unarudi kwenye betri kupitia ethi, yaani waya uliofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Geji haioni mafuta hata siku moja. Inachopata ni jumla ya ukinzani wa njia nzima.

Kwenye Toyota nyingi za zamani, tanki likijaa ukinzani huwa karibu omu 3, na likiwa tupu huwa karibu omu 110. Sasa chukua bolti ya ethi iliyoliwa na kutu, imerukiwa na matope ya masika miaka kumi. Tuseme kutu hiyo imeongeza omu 30. Tanki lenye nusu lilitakiwa kutoa kama omu 56, sasa geji inapata 86. Piga hesabu ya makadirio: mshale utasimama chini ya robo. Kwa tanki la lita 60, lita 30 zinaonekana kama 13. Yaani lita 17 "zimeibiwa" na kutu!

Na kuna magari mengine, mengi ya Ulaya, ambayo mpangilio wake ni kinyume: tupu ni kama omu 10 na kujaa ni kama 180. Huko kutu hiyohiyo inaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyopo. Dereva anapanda mlima akijua ana robo, gari linazima, na hapo ataambiwa ameuza njiani.

Kujua ukweli si kazi ngumu. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata fundi. Egesha gari sehemu tambarare, jaza tanki mpaka shingoni bosi akiwa amesimama palepale, washa swichi, angalia mshale. Ukigoma kwenye robo tatu wakati mafuta unayaona kwa macho, hapo mwizi ni nani? Mafuta ya kujaza hayapotei, gari litayatumia tu.

Baada ya hapo ndiyo fundi umeme aanze. Kama geji ya joto nayo inasoma ovyo, aanzie kwenye fyuzi na umeme unaoingia dashibodi. Kama ni ya mafuta peke yake, achomoe soketi ya tanki. Kwa Toyota za aina hii mshale unatakiwa kushuka hadi tupu. Halafu waya unaotoka kwenye geji auguse kwenye bodi safi kupitia taa ndogo ya wati 3 hivi, mbali na mvuke wa mafuta. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, ubovu uko kwenye boya au kwenye ethi. Apime boya kwa multimita huku likisogezwa taratibu: namba zikirukaruka, kipande kimelika. Mwisho apime volti kati ya ethi ya tanki na hasi ya betri, soketi ikiwa imerudishwa na swichi imewashwa. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. (Magari mapya ambayo boya linaongea na kompyuta, usiguseguse waya, fuata kitabu cha gari lenyewe.)

Kwa kaka, fundi wa kwanza hakupima chochote. Alisema "badilisha geji", ikanunuliwa ya mtumba, mshale ukabaki palepale. Wa pili alikuja na multimita. Alikuta bolti ya ethi ina kutu, akapiga msasa, akakaza, mshale ukapanda. Kipande cha msasa tu jamani! Geji ya bure ilishanunuliwa, na ile laki na nusu ya kaka haijarudi mpaka leo.

Hapo ndipo ninapokasirika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri hakati mshahara kufidia hasara kihivihivi. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kupinga. Makato yenyewe hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Mshale wa geji haujatajwa popote kama hakimu.

Najua kuna atakayesema siku hizi matajiri wanafunga vifaa vya kufuatilia gari, mafuta wanayaona kwenye simu. Sawa, lakini baadhi ya vifaa hivyo vinachukua taarifa kwenye waya uleule wa boya. Ethi ikiwa mbovu, bosi ataona uongo uleule, safari hii una grafu nzuri.

Na sisi walimu watarajiwa tusijitoe. Kanuni ya Ohm tumeikariri sekondari, tukapata alama, tukaisahau. Tukienda kufundisha Mlowo au Momba, tuchukue boya bovu gereji, multimita moja na betri, watoto wapime wenyewe. Mmoja wao atakuwa fundi, mwingine dereva, mwingine tajiri wa magari. Wote watatu wakijua kwamba kutu inaweza kuonekana kama wizi, kuna mtu mshahara wake utapona.

Kama una gari, au mzee wako ana gari na dereva, mpelekee haya kabla hajakata hela ya mtu. Anayebisha aje kwenye maoni, tubishane kwa namba.