Dodoso la Msongo wa Mawazo Lifike Newala Likiwa na Maneno ya Newala

Dodoso la msongo wa mawazo ni orodha ya maswali ambayo majibu yake hupewa alama, na jumla ya alama huonyesha uzito wa mzigo alionao mjibuji. Mojawapo ya madodoso yanayotumika sana duniani lilitungwa Marekani na Sheldon Cohen na wenzake mwaka 1983. Toleo lake la maswali 10 lina alama 0 hadi 40. Kwa wanafunzi wa uuguzi, lipo la Taiwan lenye maswali 29 yanayogusa wagonjwa, walimu, kazi za masomo na maisha ya kila siku. Je, vyuo vya uuguzi vya Masasi, Ndanda na Newala, kusini mwa Tanzania, viyatumie kama yalivyo?

Wanaokubali wana hoja. Uuguzi hufundishwa kwa Kiingereza, na maswali yasiyoguswa hurahisisha kulinganisha matokeo ya nchi mbalimbali. Lakini kusoma dozi za dawa kwa Kiingereza ni jambo moja, na kueleza machungu ya moyo kwa lugha hiyo ni jambo jingine. Mwanafunzi wa uuguzi huandika mtihani kwa Kiingereza, huongea Kiswahili wodini, na mbele ya bibi mgonjwa hutafuta maneno ya Kimakonde, Kimakua au Kiyao.

Tafsiri tupu nayo haitoshi. Neno "presha", ambalo mtaani hubeba maana ya msongo, kwa muuguzi ni shinikizo la damu; akiulizwa kama ana presha, atawaza mashine ya kupimia. Dodoso la Cohen huuliza pia ni mara ngapi mtu amejiona hawezi kuyatawala mambo muhimu ya maisha yake. Aliyelelewa kusema "Mungu akipenda" anaweza kujibu "mara nyingi" huku moyo wake umetulia. Alama zitapanda kwa sababu ya imani yake, na chuo kitadhani anaumwa.

Yapo pia yasiyoulizwa kabisa. Katika familia nyingi za Uwanda wa Makonde ada hutoka kwenye korosho, na fedha huja baada ya mnada. Bei ikianguka, mwanafunzi wa zamu ya usiku huwaza nyumbani kuliko wodini. Newala, mji wenye historia ndefu ya shida ya maji, ndoo ya maji nayo ni sehemu ya mzigo. Tena katika mji mdogo mgonjwa anaweza kuwa shangazi au jirani.

Njia ya kurekebisha inajulikana. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, mwingine hurudisha maneno katika lugha ya awali, kisha wanafunzi husoma kila swali na kueleza walivyolielewa. Ndipo dodoso hujaribiwa kwa wachache na kupimwa kitakwimu. Hata kutunga dodoso hapa nchini kunawezekana: mtafiti Sylvia Kaaya na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba dodoso la maswali 19 lililotungwa Tanzania linaweza kubaini sonona.

Karatasi za majibu zisipite mikononi mwa walimu wanaotoa alama za mitihani, kwa maana mwanafunzi mwenye hofu hataandika kwamba mkuu wa wodi anamwonea. Na chuo kisigawe dodoso kabla ya kuandaa mshauri wa kumsikiliza atakayeonekana kuelemewa. Kumpima mtu mzigo na kumwacha nao ni kumwongezea mwingine.