Jina la Kigeni Halishibishi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huo ulinijia juma lililopita, nilipomwalika shangazi yangu wa Mulot kwenye mkahawa mmoja wa Kiitaliano jijini Nairobi, ambao sifa zake zimevuma miongoni mwa vijana na mabwanyenye. Kitinda mimba wake alikuwa amehitimu chuo kikuu, nasi tukaona inafaa kumpongeza mama aliyekamua ng'ombe miaka yote hiyo ili karo ipatikane.

Mlango ulikuwa mwema kwa hakika. Palikuwa na taa za kuning'inia, muziki wa chini kwa chini, na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa lugha ambayo hata mhudumu wetu alishindwa kuifasiri. Tulingoja zaidi ya saa moja. Tambi zilipofika zilikuwa zimechemshwa hadi zikarojeka, na mchuzi wake wa nyanya ulikuwa na ladha ya mkebe. Chai aliyoagiza shangazi ilikuwa maji vuguvugu, kifuko cha majani pembeni, pamoja na maziwa ya unga. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hawa hawana jirani mwenye ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Nililipa zaidi ya shilingi 6,000, pesa ambazo yeye huzipata kwa kuuza lita zisizopungua mia moja za maziwa.

Huenda msomaji akasema kwamba sisi wa mashambani hatujui vya wenyewe. La hasha! Waliokosewa pale ni pamoja na Waitaliano. Mapishi yao mengi mashuhuri yana asili katika jikoni za wakulima na mafukara: unga, nyanya, mafuta ya zeituni, jibini ya kijijini. Tambi kwao huepuliwa zingali na ugumu kidogo. Piza ilikuwa chakula cha walalahoi wa Naples. Na mwaka 2017, UNESCO iliuorodhesha ufundi wa waokaji wake miongoni mwa turathi za binadamu. Heshima hiyo haikutokana na taa za kuning'inia, bali na watu ambao hawakukionea haya chakula chao.

Wala si kweli kwamba vyakula hivyo haviwezi kupikwa vyema katika Afrika. Malindi, ambako Waitaliano walianza kufika kwa wingi tangu miaka ya 1960, piza na tambi ni vyakula vya kawaida mjini. Wasomali nao, ambao baadhi yao walitawaliwa na Italia, walizitwaa tambi, wakaziita baasto, wakazitia viungo vyao na kuzila kwa ndizi mbivu. Leo hakuna anayewaambia kwamba wanaiga.

Nayasema haya kwa kuwa Mulot, mji ulio mpakani mwa Bomet na Narok kando ya mto Amala, hupitiwa na wasafiri wengi. Mwenye kutaka kufungua mkahawa hapo anaweza kushawishika kutundika jina la kigeni na kusahau jiko. Ilhali vitu vyema anavyo mlangoni: maziwa, mboga za kienyeji, na mursik iliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mursik hiyo ndiyo tunayowapokelea mabingwa wetu wa mbio wanaporejea na medali. Iweje tuione haifai kwa mgeni anayelipa?

Na chai je? Kenya huongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, lakini sehemu kubwa hutoka ikiwa katika magunia, ikapewa majina na wengine huko ng'ambo. Mkulima wa Kericho na Bomet hubaki na senti chache. Kila mkahawa unaodharau maziwa na nyanya za jirani hufuata njia hiyo hiyo: thamani huenda kwa jina, jasho hubaki kwa mkulima.

Hata hivyo, lawama zote tusimtwike mwenye mkahawa. Mimi nami nilikosa. Nililipa na kunyamaza, tena nikamwachia mhudumu bakshishi, kwa kuogopa kuonekana mshamba mbele ya meza za jirani. Hofu hiyo ndiyo inayowanenepesha wapishi wabovu. Hapana budi mteja ajifunze kurudisha sahani kwa adabu, na mwenye mkahawa ajifunze kumlipa na kumfunza mpishi kabla ya kununua taa.

Tuliporudi Mulot, shangazi alituandalia ugali, mboga na mursik. Hakuutaja mkahawa ule hata mara moja. Aliuliza tu kama tumeshiba.